Bomba kuu la majitaka kando ya mto: mwongozo wa kuwapasha wakazi habari kabla na wakati wa ujenzi

Umechaguliwa kuwakilisha mtaa wako kwenye kamati ya mradi, au mkandarasi amekuajiri uwe kiungo kati yake na wananchi. Mashine hazijafika, lakini simu yako haitulii. Nyumba yangu itabomolewa? Vijana watasajiliwa wapi? Choo changu kiko kwenye vigingi vya kuonyesha njia ya bomba, nitajisaidia wapi? Na wewe mwenyewe una yako: nianze na nani, nitangaze vipi, nijibu nini nisipokuwa na jibu? Maswali haya huja kila bomba jipya linapopangwa, iwe ni kando ya Auji, Kisat au Kibos, na ndiyo sababu ya kuandika mwongozo huu. Mifano yote ni ya Kisumu. Ukiwa Nakuru au Kakamega, badilisha majina ya mito na ofisi; kazi ni ile ile.

Shabaha yako ni moja tu: kila mkazi ajue kitakachotokea mbele ya mlango wake kabla hakijatokea. Gharama ya mradi na picha za viongozi wakiweka jiwe la msingi zinaweza kungoja. Mama anayekaanga mgongo wazi, yaani mifupa ya samaki iliyoondolewa minofu, kule Obunga anataka kujua kama wateja wataweza kufika kwenye karai lake Alhamisi. Ukiwa na jibu lake, una habari. Usipokuwa nalo, bado huna tangazo la kutoa, hata kama umeshikilia ripoti ya kurasa mia.

Jambo moja la kiufundi lazima ulifahamu, kwa sababu utaulizwa katika kila baraza: kwa nini bomba lipite mtoni? Majitaka hutembea kwa mteremko, na mto ndio sehemu ya chini kabisa ya bonde. Bomba kuu likilazwa kandokando yake, nyumba za pande zote mbili zinaweza kuteremsha uchafu wao humo bila pampu. Lieleze hivyo, kwa sentensi mbili, kisha uendelee na yanayowahusu.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Ramani ya njia ya bomba, iliyochapishwa kubwa, yenye alama ambazo watu wanazijua: kanisa, msikiti, daraja la miguu, kioski cha maji, posho mill. Ramani ya mhandisi yenye namba za menholi (mashimo ya kukagulia bomba) peke yake haitakusaidia.
- Ratiba ya kazi iliyogawanywa kwa vipande vya njia. "Mradi utachukua miezi 18" haimwambii mtu chochote kuhusu lango lake.
- Mpango wa fidia na uhamisho, pamoja na tarehe ya mwisho ya kuhesabiwa.
- Laini moja ya simu ya mradi. Usitumie namba yako binafsi. Siku utakayoacha kazi, mtaa mzima utabaki bila wa kumpigia.
- Daftari mbili ngumu: moja ya maswali na uvumi, nyingine ya malalamiko.
- Pesa za karatasi, kukodi kipaza sauti, muda wa maongezi na viti vya baraza. Omba ziwekwe kwenye bajeti mapema, maana zikikosekana mwanzoni hazipatikani tena.
- Mtu wa pili wa kukusaidia, anayezungumza Kidholuo sanifu ikiwa chako ni cha kuokoteza. Kama wewe ni mwanamume, msaidizi awe mwanamke. Mambo ya vyoo na maji huamuliwa nyumbani na akina mama, na wengi hawatayasema mbele yako.

Hatua ya 1: Jua nani ni nani, kisha pata karatasi

Wageni wa kazi hii hukwama hapa. Wakazi watakwambia "mradi wa Kiwasco" au "mradi wa gavana", na wewe utarudia hivyo hivyo. Chini ya Sheria ya Maji ya 2016, mashirika ya kuendeleza kazi za maji ndiyo hujenga mitambo mikubwa, na kwa upande wetu ni lile la Ziwa Victoria Kusini. Kampuni ya maji, ambayo kwa Kisumu ni KIWASCO, huendesha na kutunza baada ya kukabidhiwa. NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, hutoa leseni ya mazingira. Mamlaka ya Rasilimali za Maji huangalia mto wenyewe na kingo zake. Mkandarasi huchimba, na mhandisi mshauri humsimamia. Miradi mingine huanzishwa na kaunti, kwa hiyo usikisie: soma ubao wa mradi na mkataba.

Andika kwenye ukurasa mmoja: swali gani linakwenda kwa nani. Ufa ukutani ni wa mkandarasi na mhandisi mshauri. Fidia ni ya mwenye mradi. Menholi ya zamani inayofurika ni ya kampuni ya maji. Ukurasa huu utakuokoa kila siku.

Ukinyimwa ripoti ya tathmini ya mazingira au ratiba, usigombane mlangoni. Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaeleza namna. Unaandika barua kwa Kiswahili au Kiingereza. Kuwasilisha ombi hakulipishwi, ingawa unaweza kutozwa gharama ya kutoa nakala. Ofisi ina siku 21 za kukujibu, na inaweza kuongeza siku 14 mara moja tu ikiwa habari ni nyingi. Jambo likihusu uhai au uhuru wa mtu, jibu linatakiwa ndani ya saa 48. Asiyeweza kuandika anasaidiwa na afisa kuandikiwa ombi lake. Ukikataliwa, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ile inayojulikana kama Ombudsman, ndani ya siku 30. Hakikisha nakala yako ya barua imegongwa muhuri wa kupokelewa.

Hatua ya 2: Tembea njia nzima kwa miguu

Chukua mzee wa mtaa, fundi wa mhandisi anayejua vigingi, na mkazi mmoja wa kila kipande. Usipande pikipiki. Tembea polepole ukiandika yale ambayo ramani haionyeshi, na yatakuwa mengi.

Tazama vyoo vya shimo. Katika Nyalenda na Manyatta ploti moja huwa na choo kimoja cha familia nyingi, na mara nyingi kimejengwa nyuma ya ploti, upande ule ule wa mto. Choo kikibomolewa bila kingine kuwa tayari, umewaacha watu wazima na watoto bila pa kwenda usiku. Andika kila choo kilicho kwenye njia na idadi ya vyumba vinavyokitumia. Kisha sisitiza, kwa maandishi, kwamba cha muda kijengwe kabla ya cha zamani kuguswa. Nina msimamo mkali hapa: mtaro unaweza kungoja siku mbili, lakini choo hakingoji.

Tazama makaburi. Kwenye mitaa ya pembezoni kama Kajulu, Nyamasaria na Dunga, watu wamezikwa ndani ya maboma yao, na si kila kaburi limejengewa saruji. Ukigundua moja karibu na njia, usilitaje barazani. Nenda kwa familia, kaa chini, zungumza na wazee wa boma wakiwa peke yao, na umwombe mhandisi aeleze kama bomba linaweza kusogezwa. Familia inayosikia habari za kaburi la baba yao kupitia kipaza sauti haitakusikiliza tena kuhusu jambo lolote.

Halafu vitu vidogo vinavyoleta kelele kubwa. Mabomba membamba ya plastiki ya maji yanayopita juujuu ya ardhi, ambayo jino la mashine hukata siku ya kwanza. Visima vifupi, vinavyoweza kupungua maji wakati mtaro unapokaushwa kwa pampu. Vishamba vya sukuma wiki na nduma ukingoni. Wanaoosha magari na pikipiki mtoni. Vivuko ambavyo watoto hutumia kwenda shule. Kuta zenye nyufa: zipige picha sasa, zenye tarehe, na umpe mwenye nyumba nakala yake. Bila picha hiyo hakuna atakayeweza kuthibitisha kama ufa ulikuwepo au umeletwa na mtetemo wa mashine.

Hatua ya 3: Andika orodha ya watu, na uanze na wapangaji

Kosa linalorudiwa kila mahali ni kumwarifu mwenye ploti na kudhani umemaliza. Mwenye ploti anaweza kuwa anaishi Milimani, Nairobi au kijijini Siaya. Anayelala mita tatu kutoka kwenye mtaro ni mpangaji, na yeye ndiye atakayekosa maji na usingizi. Nenda chumba kwa chumba. Andika jina, namba ya simu kwa hiari yake, lugha anayopenda, na kama kuna mgonjwa, mlemavu, mjamzito au mtoto mchanga. Muulize pia keateka, yaani mtunzaji wa ploti. Huyo anajua mambo ambayo mwenye ploti hayajui.

Mweleze kila mtu kwa nini unachukua namba yake, kisha itumie kwa kazi hiyo tu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka hivyo, na heshima pia. Atakuja mwanasiasa kukuomba orodha. Usimpe.

Usisahau wasiolala hapo lakini wanakula hapo: mama mboga, stendi ya bodaboda, tuktuk, fundi viatu, wenye karai za samaki, wavuvi wa kamati ya ufuo kule mto unakoingilia ziwani, na chama cha watumiaji maji ya mto kama kipo.

Hatua ya 4: Fanya baraza kabla ya mashine kufika, kwa saa inayowafaa watu

Kanuni za tathmini ya mazingira za 2003 zilidai mikutano isiyopungua mitatu na watakaoguswa na mradi, mabango mahali pa wazi, na matangazo ya redio kwa lugha rasmi na za mahali. Mikutano hiyo ikiwa ilifanyika zamani, usiihesabu kuwa yako. Waliohudhuria wengi wamehama.

Chagua siku kwa akili. Ijumaa adhuhuri Waislamu wa Kaloleni na Bandani wako msikitini. Jumamosi ni Sabato kwa Waadventista, ambao ni wengi huku, na ndiyo siku ya mazishi. Jumapili ni kanisa, na pia ndiyo siku kuu ya soko la Kibuye. Kinachobaki ni katikati ya wiki, na saa nne asubuhi utawapata wazee tu. Jaribu saa kumi alasiri, karibu na njia ya bomba yenyewe, si ofisini kwa chifu kilomita mbili mbali. Chifu na naibu wake waalikwe, msimamizi wa wadi na mwakilishi wadi pia, lakini mpangilio uwe wako: dakika kumi za salamu za viongozi, zinazobaki za maswali.

Tandika ramani chini, acha watu wainamie na kuonyesha ploti zao kwa kidole. Dakika hizo zina faida kuliko hotuba yoyote. Kisha wagawe: akina mama pembeni na msaidizi wako, vijana na mtu wa ajira, wenye ploti na afisa wa fidia.

Kuhusu ajira, sema wazi ni vibarua wangapi kipande hicho kitahitaji, watasajiliwa wapi, lini, na kwamba hakuna ada ya kujisajili. Ukiacha pengo hapo, kuna atakayelijaza kwa kuuza fomu.

Onyo kuhusu fidia: usitaje kiasi, hata ukibanwa vipi, hata kama umesikia. Unachoweza kusema ni kwamba Ibara ya 40 ya Katiba inadai fidia ya haki na ya haraka kwa mali inayochukuliwa, na kifungu cha 4 kinaruhusu pia fidia kwa anayekalia ardhi kwa nia njema bila hati. Miradi ya Benki ya Dunia huwasaidia hata wasio na hati, mradi walikuwepo kabla ya tarehe ya mwisho ya kuhesabiwa. Itangaze tarehe hiyo mara nyingi na kwa sauti. Anayejenga kibanda baada yake ili alipwe atapoteza mabati yake, na ni wajibu wako kumwambia mapema. Swali la ukanda wa mto nalo litakuja: kanuni za maji za 2007 ziliuweka kuanzia mita 6 hadi 30 kila upande, kwa kufuata upana wa mto. Mwache afisa wa Mamlaka ya Rasilimali za Maji alijibu mwenyewe, akiwa amesimama pale pale ukingoni.

Hatua ya 5: Andika tangazo la mlangoni

Tangazo zuri linatosha upande mmoja wa karatasi na linajibu mambo sita: wapi, lini, njia gani itafungwa, maji yatakatwa saa ngapi, hatari ni ipi, na umpigie nani. Huu hapa mfano unaoweza kuuiga:

WAKAZI WA KANDO YA MTO, KUTOKA DARAJA LA MIGUU HADI KISIMA CHA KANISA
Jumatatu tarehe 3 hadi Ijumaa tarehe 14, mtaro wa bomba la majitaka utachimbwa mbele ya milango yenu.
Magari na tuktuk hayatapita. Waendao kwa miguu na bodaboda watavukia kwenye mbao, mbele ya duka la dawa.
Jumanne tarehe 4, saa mbili asubuhi hadi saa kumi alasiri, maji ya mfereji yatafungwa. Jazeni mitungi Jumatatu jioni.
Kina cha mtaro kinazidi urefu wa mtu mzima na kingo zake zinaweza kuporomoka. Watoto wasikaribie.
Mkiwa na mgonjwa, msiba au mzigo mkubwa wa kupitisha, piga simu ya mradi: (namba).
Tangazo lijalo litatoka Ijumaa tarehe 7, hata kama hakuna kilichobadilika.

Andika kwa Kiswahili upande mmoja na Kidholuo upande wa pili. Kabla ya kuchapisha, msomee mtu mmoja wa mtaani asiyehusika na mradi na umwombe akueleze alichosikia. Akikosea tarehe au mahali, kosa ni la tangazo. Ondoa maneno ya ofisi. "Kazi za uchimbaji zitatekelezwa katika eneo husika" haisemi chochote. "Mtaro utachimbwa mbele ya mlango wako" inasema yote.

Tumia saa za Kiswahili, na uongeze "asubuhi", "alasiri" au "usiku" kila mara. Ratiba ya mkandarasi imeandikwa kwa saa za Kizungu, na mtu anayeinakili haraka huwapa watu saa sita za makosa.

Hatua ya 6: Fikisha habari kwa njia zaidi ya moja

Karatasi mlangoni ndiyo msingi. Juu yake ongeza ujumbe mfupi wa simu kwa orodha yako, kipaza sauti kwenye tuktuk siku moja kabla, tangazo kanisani na msikitini, na redio ya Kidholuo jioni wakati watu wako nyumbani. Kikundi cha WhatsApp kinafaa kwa viongozi wa vipande, lakini usikifanye ndiyo njia yako kuu. Wengi wana simu za mulika mwizi, zisizo na WhatsApp, na kikundi cha watu mia mbili huzaa uvumi kuliko habari. Kifunge ili wasimamizi tu ndio waandike, na maswali yaje kwa simu ya mradi.

Weka ubao kwenye kioski cha maji. Kila nyumba hupita hapo.

Hatua ya 7: Fuata mfuatano wa mara tatu

Wiki mbili kabla ya mashine kufika kwenye kipande: baraza dogo la kipande hicho na karatasi mlangoni. Siku mbili kabla: ujumbe wa simu na kipaza sauti. Asubuhi ya siku yenyewe: wewe mwenyewe uwepo pale kabla ya injini kuwashwa, upige hodi kwa wale uliowaandika kuwa na wagonjwa au watoto wachanga. Shule ipate barua yake peke yake, mapema zaidi, hasa muhula wa tatu wakati wa mitihani ya kitaifa.

Mvua iingizwe kwenye hesabu. Mvua ndefu ni Machi hadi Mei, na fupi huanza Oktoba. Udongo mweusi wa upande wa Nyalenda hunata na kuporomoka ukilowa, na mtaro ulio wazi hugeuka mto wa pili. Watu waliohamishwa na maji ziwa lilipopanda mwaka 2020 hawahitaji kuelezwa hatari hiyo. Wanachotaka kusikia ni kwamba mtaro hautaachwa wazi, na nani atapampu maji usiku mvua ikinyesha. Pata jibu la mhandisi kwa maandishi kabla ya Machi.

Hatua ya 8: Fungua daftari ya malalamiko na uifunge kila wiki

Kila lalamiko lipewe namba, tarehe, jina (au "hakutaja jina" akipenda hivyo), aliyekabidhiwa, na siku ya jibu. Mlalamikaji aondoke na karatasi yenye namba yake. Ndani ya siku mbili mpigie, hata kama jibu ni "bado mhandisi hajafika, atakuja Alhamisi". Kila Ijumaa kaa na mkandarasi na mhandisi mshauri, pitieni daftari mstari kwa mstari.

Bandika ubaoni hesabu ya wiki: yaliyopokelewa, yaliyojibiwa, yaliyobaki. Majina yasionekane. Mkandarasi anaweza kukuambia kwamba hilo linamwaibisha. Mjibu kwamba yakijibiwa hayatakuwa na aibu.

Mambo ya vibarua kuwanyanyasa wasichana au akina mama hayaingii kwenye daftari hili la kawaida. Yawe na mtu wake, mwanamke, mwenye njia ya siri, na mtaa uambiwe jina lake mapema.

Hatua ya 9: Ratiba ikibadilika, sema siku hiyo hiyo

Itabadilika. Mwamba utapatikana, mabomba yatachelewa, mafuta yatakwisha, malipo yatakwama. Ujumbe ni mfupi: nini kimebadilika, kwa nini, tarehe mpya ni ipi au lini tutaijua. Usitoe tarehe ya kutuliza watu huku ukijua haitatimia. Mwenye duka aliyefunga kwa wiki mbili kwa ahadi yako hatakusahau.

Hatua ya 10: Bomba likishafukiwa, kazi yako inaendelea

Hapa ndipo wengi hufunga daftari, na hapa ndipo wakazi huharibu bomba jipya bila kukusudia. Waambie mapema kwamba bomba kuu kufukiwa hakumaanishi nyumba zimeunganishwa. Lazima kwanza lijaribiwe, likabidhiwe, na laini ndogo za mitaani zifike. Anayetoboa menholi usiku ili aunganishe choo chake kabla ya hapo atamwaga kinyesi kwenye bomba ambalo bado halina pa kutokea, na jirani wa chini ndiye atakayekipata.

Pata kutoka kwa kampuni ya maji, kwa maandishi: lini maombi yataanza, karatasi gani zinahitajika, gharama ni kiasi gani, na kama inaweza kulipwa kidogo kidogo. Mwenye ploti na mpangaji wote wasikie, kwa sababu mmoja atalipia bomba na mwingine atalipia ankara.

Kisha fundisha mambo matatu tu: maji ya mvua ya paa hayaingizwi kwenye bomba la majitaka, nguo, nepi, pedi na mifupa ya samaki haviingii chooni, na kifuniko cha menholi kikiibwa kwenda kuuzwa chuma chakavu, simu ipigwe siku hiyo, kwa maana mtoto anaweza kutumbukia.

Mambo yakikwama

Uvumi umeenea kwamba nyumba zote za kando ya mto zitabomolewa. Usijibu kwa kusema "ni uongo". Chukua ramani, nenda kwenye ploti inayotajwa, pima kwa futi kutoka kigingi hadi ukutani mbele ya watu, kisha utangaze nyumba zilizo kwenye njia ni ngapi. Ukiwa huna idadi hiyo, itafute kwanza.

Vijana wamezuia mashine. Usiite polisi kama hatua ya kwanza. Ondoa mashine mita kadhaa, uliza wanataka nini, andika mbele yao, na umlete mtu mwenye mamlaka ya kuamua siku hiyo hiyo. Mara nyingi ni ajira waliyoahidiwa na mtu asiyekuwa na uwezo wa kuitoa.

Watu hawaji barazani. Saa ni mbaya, mahali ni mbali, au waliwahi kuja na hawakujibiwa. Acha baraza, nenda ploti kwa ploti kwa wiki moja ukiwa na majibu ya maswali ya zamani.

Bomba la maji limekatwa bila tangazo. Toa ujumbe ndani ya saa moja, mdai mkandarasi alete maji kwa lori au mitungi, na uandike saa yalipokatika na yaliporudi.

Kuna msiba kwenye kipande kinachochimbwa. Simamisha kazi ya kipande hicho kwa ajili ya mkesha na siku ya mazishi, weka mabamba ya chuma juu ya mtaro ili gari la maiti lipite, na umpelekee mwenye msiba habari hiyo mwenyewe, kwa miguu.

Mkandarasi anakupa habari kwa kuchelewa. Omba kwenye kikao cha Ijumaa iandikwe kwamba hakuna kipande kitakachofunguliwa bila tangazo lililotoka siku 14 kabla, na mhandisi mshauri atie sahihi. Akivunja, peleka nakala ya kikao kwa mwenye mradi.

Kazi imesimama na hakuna anayejua itarejea lini. Mitaro iliyo wazi ifukiwe au izungushiwe uzio kwanza. Hilo lidai kabla ya kitu kingine chochote. Kisha endelea kubandika tangazo la kila Ijumaa ubaoni, ukieleza kazi imesimama kwa sababu gani, nani anafuatilia, na simu ya mradi bado inapokelewa saa ngapi hadi saa ngapi.